Daraja limesombwa: taratibu za kufuata kabla ya kujenga upya mtoni

Mvua za masika za 2024 ziling'oa madaraja na kalvati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) katika kaunti nyingi za Kenya. Haraka ya kujenga upya naielewa: watoto wavuke kwenda shule, mgonjwa afike hospitali. Lakini mto ukiharibiwa kwa haraka hiyo, wa bondeni ndio watakaoumia mvua zijazo.

Hatua ya 1. Tenganisha kuokoa watu na kujenga. Kufunga njia, kuhamisha familia, kupanga magunia ya mchanga mlangoni: hayo fanyeni sasa hivi. Kalvati mpya, gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), kuchimba au kuchepusha mkondo ni habari nyingine. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinataka idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Dharura isiwe kichaka cha kufichia ukuta wa kudumu.

Hatua ya 2. Piga picha kabla ya kugusa chochote, hasa mistari ya tope kwenye kuta na miti. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Kanuni za Ubora wa Maji zinalinda ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Mhandisi akija kiangazi bila picha hizo, atapima kijito kilicholala na kuagiza kalvati nyembamba.

Hatua ya 3. Jua barabara ni ya nani: KeNHA (barabara kuu za kitaifa), KURA (za mijini), KeRRA (za vijijini) au kaunti. Mwenye barabara ndiye aombe idhini.

Hatua ya 4. Siku hiyohiyo peleka barua kwa ofisi ya NEMA ya kaunti na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Taja mahali, hatari iliyopo, kazi na mtambo utakaotumika. Baki na nakala yenye muhuri. Barua hiyo bado si kibali. Ripoti ya mradi, inayoeleza athari zake kwa mazingira, huandaliwa na mtaalamu mwenye leseni ya NEMA.

Hatua ya 5. Kibali kikitoka, saruji mbichi isiguse maji, maana inaua samaki. Mtambo ujazwe mafuta mbali na ukingo.

Maswali ya wanachama wa jumuiya yetu ya watumiaji maji

Mwalimu, mto unamega shamba langu. Naweza kuweka gabioni upande wangu tu?

Hapana, mama, si bila idhini. Gabioni zikiwekwa vibaya husukuma maji yakale ng'ambo kwa jirani. Nenda WRA kupitia jumuiya yetu ya watumiaji maji. Kwa sasa usilime hadi ukingoni. Acha nyasi na miti iliyopo.

Sisi wa Ziwa Baringo tupime ukanda wa kulindwa kutoka ufuo upi?

Msitumie ufuo wa zamani. Mwaka 2020 maji yalizamisha nyumba na shule zilizokuwa nchi kavu. Anzeni pale maji yalipofika juu zaidi.

MCA, mwakilishi wetu wa wadi, amesema tuanze, barua itafuata.

Mwambieni, kwa heshima, kwamba sheria inataka maandishi kwanza. Kama anataka kusaidia, aifuatilie barua yenu NEMA wiki hii.