Sanamu za vitu vya kuokota pwani: ondoa chumvi kwanza

Haya, kwa wale wanaotaka kuanza sanamu za vitu vya kuokota na hawajasomea popote, tizameni mwezi kwanza. Nendeni pwani bamvua (maji makubwa) likishapita, mwezi mchanga au mpevu, maji yakipwa utaona mstari wa taka juu kabisa ya mchanga, humo ndo mna magogo, kandambili, vipande vya nyavu, maboya na mbao za vyombo vilovunjika. Ngalawa kongwe iliyolazwa chini ya mnazi usiiguse, hata kama imeoza ina mwenyewe, muulize, mara nyengine anakupa bure.

Sasa wengi wakifika nyumbani wanakimbilia gundi. Jamani, chumvi! Gogo la pwani lina chumvi mpaka ndani, na chumvi inavuta unyevu, na hewa yetu hii ya kisiwani ishajaa maji, basi gundi inaachia tu. Loweka kwenye maji matamu, badilisha kila siku mpaka ukilionja gogo husikii chumvi, kisha anika kivulini mana juani linapasuka.

Kwenye kuunga ndo khasa kazi ilipo. Msumari wa chuma mimi siutaki, ukishika kutu unavimba na kupasua mti. Toboa kwa drili, au keekee (drili ya mkono ya kuzungushwa kwa upinde) kama ya mafundi wa majahazi, upigilie kijiti cha mti mgumu, au funga kwa kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) ambayo maji ya chumvi haiyaogopi, au waya wa shaba kutoka kebo mbovu (menya kwa kisu, usichome, moshi wake sumu).

Kandambili ni rahisi: osha, toa mikanda, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri isinate kidoleni ndo ubandike. Panga mpaka upate bonge, liache likauke vizuri, chonga kwa kisu kikali, maliza kwa msasa na uvae barakoa. Anoona ni mchezo wa watoto akumbuke Flipflopi, chombo kilichoundwa Lamu kwa plastiki na kandambili, kikaja kwa tanga mpaka Unguja 2019.

Rangi usipake, kandambili zishakuja na zake. Kama nyumbani hawataki sanamu ya kiumbe, unda jahazi au mti. Gamba la kasa liache hukohuko hata ukilikuta limetupwa, ni kosa kisheria, na mgeni akinunua atakamatwa nalo uwanja wa ndege.