Pima mwenyewe jani linavyopoteza maji: feni, mwanga, joto na unyevu

Mmea unapoteza maji kupitia stomata, vile vitundu vidogo ambavyo kwa mimea mingi vimejaa zaidi upande wa chini wa jani. Sasa badala ya kukariri tu kwamba upepo unaongeza na unyevu unapunguza, jipimie.

1. Tafuta mpira mwembamba wa dripu, rula na kitawi chenye majani mabichi. Kitawi kikate ndani ya beseni la maji, mshazari, kwa wembe mkali, maana ukikata hewani shina linavuta hewa, njia za maji zinaziba, utakaa hadi jioni hakuna kinachosogea.

2. Kila kitu kikiwa bado ndani ya maji, chomeka kitawi kwenye mpira uliojaa maji. Kitoe, ncha ya pili ya mpira ibaki kwenye kikombe cha maji, halafu paka mafuta ya mgando pale kwenye maungio, na usiyabanie! Mimi mara ya kwanza nilipaka kijuujuu, kile kiputo cha hewa cha hatua ya 3 kikawa kinazubaa tu nikashangaa kweli, kumbe hewa inapenya pembeni. Majani yafute yakauke.

3. Nyanyua ncha ya mpira kidogo kiingie kiputo cha hewa, irudishe kwenye maji. Ukilaza mpira juu ya rula utaona kiputo kinatambaa kuelekea kwenye kitawi, maana kitawi kinavuta maji. Andika milimita za dakika 5, rudia mara 3, tafuta wastani.

4. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

Feni: kasi inapanda, upepo unafagia ule unyevu uliozunguka jani. Usiwashe ya kimbunga lakini, stomata zinaweza kufunga.

Mfuko wa nailoni: hewa ya ndani inajaa mvuke, kiputo kinazubaa.

Giza: subiri kama dakika 20 stomata zifunge, na usitegemee sifuri.

Mwanga, hapa ndo wengi wanachemka. Balbu ya moto inaleta na joto, na joto lenyewe linaongeza upotevu, sasa utajuaje ni kipi kimefanya kazi? Weka chupa ya kioo yenye maji katikati inyonye joto, au tumia taa ya LED.

Kumbuka unapima maji yanayoingia, sio yanayotoka, kiasi kidogo mmea unakitumia wenyewe. Na kiputo kikikaribia shina usiache kiingie, minya mpira taratibu kirudi nyuma uendelee.