Kuingia Si Kufaa: Vipuri vya Mashine za Masikio kwa Sisi wa Newala

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko Newala, karibu na stendi, na droo yangu imejaa betri ndogo za kila namna. Kwa hiyo siku betri za mashine za binti yangu za kumsaidia kusikia zilipoisha, na duka la Mtwara mjini likasema mzigo haujafika, sikuhangaika. Nilitoa LR44 mbili, zile za kalkuleta, nikazipima: kipenyo milimita 11.6, kimo milimita 5.4. Betri yake ya namba 675 ina vipimo hivyo hivyo. Zikaingia, kimlango kikafunga, mashine zikawaka. Kesho yake saa nne asubuhi mwalimu akanipigia simu: mtoto anatazama midomo tu, hasikii kitu.

Alikuwa na miaka tisa. Bado inaniuma, kwa sababu hakuniambia chochote asubuhi ile. Aliniamini kwamba baba ameshatengeneza. Tangu hapo nimejifunza kipuri kimoja kimoja cha mashine hizi, ambazo walimu wa elimu maalumu huziita shimesikio, na watu wa huku wameanza kunijia kuuliza. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kabla ya kununua chochote, chukua daftari. Andika kampuni iliyotengeneza, jina la modeli na namba zilizoandikwa kwenye mwili wa mashine. Nyingine zimejificha ndani ya kimlango cha betri. Tafuta alama ya rangi: nyekundu ni sikio la kulia, bluu ni la kushoto. Piga picha kila upande. Muuzaji wa Dar es Salaam hawezi kukusaidia ukimwambia "ile ya kijivu ya nyuma ya sikio".

Sasa betri. Ziko namba nne, na kila moja ina rangi yake kwenye stika na pakiti: 10 ni njano, 312 ni kahawia, 13 ni rangi ya chungwa, 675 ni bluu. Rangi hizo hazibadiliki hata kampuni ikibadilika, kwa hiyo kwenye betri huna haja ya kung'ang'ania jina la kampuni. Shika namba. Angalizo: 312 na 13 zina kipenyo kimoja, milimita 7.9, ila 312 ni nyembamba zaidi. Ukiiweka kwenye nyumba ya 13 itaingia, kisha itacheza na kukatakata sauti. Mtu atadhani mashine imekufa.

Na kwa nini LR44 ilishindwa? Betri ya mashine ya masikio hupumua. Ina vitundu vidogo upande wa chanya, na hewa inayoingia humo ndiyo inayofanya kazi na zinki iliyo ndani. Kwa kuwa oksijeni inatoka nje, nafasi karibu yote imejazwa zinki, ndiyo maana 675 hubeba kama mAh 600 (mAh ni kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri), wakati LR44 ya ukubwa uleule haifiki 200. Mashine ya mtoto mwenye usikivu mdogo sana hula umeme mwingi, basi LR44 inachoka upesi. Fundi mwenzangu, ukiletewa mashine hizi usirudie nilichofanya. Kuna pia 675 maalumu za vipandikizi vya koklea, yaani vifaa vya kusikia vinavyowekwa kwa upasuaji. Aliyepandikizwa anunue hizo zilizoandikwa hivyo, maana za kawaida huweza kushindwa kutoa umeme wa kutosha.

Stika usiibandue dukani "kujaribu". Ikishatoka, betri imeanza kuisha, na kuirudisha hakusimamishi kitu. Nyumbani ibandue, acha betri ipumue dakika moja hadi tano, ndipo uiweke. Tazama tarehe ya mwisho kwenye pakiti, na usiziweke kwenye friji.

Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, omba mashine yenye kimlango cha betri kinachofungwa kwa kifaa maalumu. Betri ikimezwa, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri itoke yenyewe.

Kipuri cha pili kilichonisumbua ni mpira, ule mrija laini unaotoka kwenye mashine hadi kwenye moldi, yaani kile kipande kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lake. Mpira hukakamaa na kugeuka njano, na wastani hubadilishwa kila miezi mitatu hadi sita. Jasho na jua la huku havisaidii. Niliwahi kushauriwa nitumie mpira wa dripu. Nakataa kabisa. Mrija wa kawaida huitwa namba 13, tundu lake la ndani ni milimita 1.93, na huo upana ni sehemu ya sauti yenyewe. Ukiweka mwembamba zaidi, unapunguza sauti nyembamba kama "s" na "sh". Mtoto wa fundi saa asisikie "saa"! Kwa mashine zenye nguvu kubwa omba namba 13 yenye ukuta mnene, kwa sababu ukuta mwembamba huvujisha sauti na mashine ikaanza kupiga mluzi.

Urefu nao ni muhimu. Mpira mfupi huvuta moldi nje ya sikio. Mrefu sana huacha mashine inaning'inia. Upime ukiwa umemvalisha.

Mluzi ukiendelea baada ya mpira mpya, tazama moldi. Masikio ya mtoto hukua, na moldi iliyokaa vizuri wakati wa korosho mwaka jana huenda leo inacheza. Hapo hakuna kipuri cha kuagiza: sikio lichukuliwe umbo upya na mtaalamu wa usikivu. Moldi ya mtu mwingine haiazimwi, hata ya ndugu wa damu.

Kuosha, tenganisha moldi na mashine kwanza, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Matone ndani ya mrija nayatoa kwa kipulizio cha mpira ninachosafishia saa. Spiriti na benzini vibaki kwenye saa.

Wazee wengi wanaokuja kwangu wana aina nyingine: waya mwembamba wenye kispika kinachoingia sikioni, na juu yake kikofia laini cha silikoni. Hapa kampuni ndiyo kila kitu. Vikofia vya Oticon vya miniFit haviendani na spika za Phonak, na vichujio vya uchafu wa masikio hali kadhalika: Oticon wana ProWax, Phonak wana CeruShield na CeruStop kulingana na modeli. Kikofia kisichoshika vizuri kinaweza kubaki ndani ya sikio. Kikibaki, nenda hospitali; njiti ya kiberiti itakisukuma ndani zaidi. Spika yenyewe ina upande, urefu wa waya na kiwango cha nguvu. Rudisha vilevile vyote vitatu. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, niletee yenye nguvu zaidi." Nilimwomba radhi nikakataa, kwa sababu nguvu ikibadilika mashine lazima ipangwe upya kwenye kompyuta ya mtaalamu.

Chaja: nunua ya modeli yako tu, hata kama nyingine inafanana.

Kitu kimoja ambacho maduka ya mbali hayatakuambia ni salfa. Wakati wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, vumbi lile hupenya kwenye vitundu vya maikrofoni. Siku hizo binti yangu haendi shamba na mashine zake. Modeli nyingine zina vifuniko vya maikrofoni vinavyobadilishika. Uliza kama yako inavyo. Kwa ukungu wa huku kwenye uwanda wa juu wa Makonde, nunua pia chupa ya kukaushia yenye chembe zinazobadilika rangi zikishashiba maji. Usiku mashine ilale humo, betri ikae nje, maana ukavu ule huikausha nayo.

Mzigo ukifika kwa basi, ufungue palepale stendi na daftari lako mkononi: namba, rangi, tarehe, stika. Kisha ukishafunga kipuri, fanya jaribio la sauti sita alilobuni Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya watoto viziwi. Simama nyuma ya mtoto asikuone midomo, tamka moja moja bila mpangilio: a, u, i, m, sh, s. Binti yangu huinua mkono na kurudia kila anayoisikia. Ikikosekana hata moja, natoa kipuri na kuanza upya, hata kama kengele ya shule imeshalia.