Kuivunja faili ya "msaada": nilivyopanga msimbo wa pamoja kwa matabaka na vifurushi

Usiku mmoja seva yetu inayotuma ujumbe wa kukumbusha madeni iligoma kuwaka. Sababu iliyojiandika ni kwamba imekosa maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) ya kuendesha printa ya risiti. Seva ile haina printa. Ni mashine ya kukodi, iko mbali, na kazi yake ni moja tu: kila asubuhi saa mbili iwaandikie wateja waliochukua kanga kwa mkopo.

Tajiri ninayemfanyia kazi anauza kanga kwa jumla Tanga, ana tawi Mombasa na wateja wachache Kampala. Nimemwandikia programu tatu kwa lugha ya Python: ya kaunta, ya stoo, na hiyo ya ujumbe. Zote zilichota kutoka faili moja niliyoiita `msaada`, mistari elfu moja na ushei, funksheni 63, yaani vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina, kila kimoja na kazi yake. Programu ya ujumbe ilihitaji funksheni moja tu mle, ya kusafisha namba ya simu. Lakini kichwani mwa faili nilikuwa nimeagiza (import) maktaba ya printa kwa ajili ya kaunta, na Python haichagui: ukiita kimoja, faili zima linasomwa tangu juu. Ni kama kumtuma mtoto dukani kiberiti akarudi na duka.

Kabla sijaendelea, maneno mawili. Maandishi ya programu, "code", nayaita msimbo kwa sababu kodi kwetu ni ya nyumba na ya serikali, na serikali nitaitaja huko mbele. Na kifurushi hapa si kile cha intaneti cha wiki nzima. Ni folda ya msimbo yenye jina lake na mlango wake, ambayo programu nyingine inaweza kuiagiza.

Anza na daftari

Usianze kwa kuhamisha mafaili. Mimi nilichukua daftari la hesabu nikachora safu tatu. Ya kwanza, jina la funksheni. Ya pili, nani anaiita. Ya tatu ndiyo yenye kazi: ni nani akisema neno, funksheni hii itabidi ibadilike?

`safisha_namba` hubadilika wenye mamlaka ya mawasiliano wakifungua namba mpya. `kiasi_cha_vat`, bunge likipitisha bajeti. `bei_ya_jumla`, tajiri akitaka, na tajiri hutaka hata akiwa harusini. `chapa_risiti`, siku tukinunua printa ya aina nyingine. `korja_kwa_vipande`, karani wa stoo. Watu watano wasiojuana, wote wanagusa faili moja. David Parnas, mtaalamu wa uhandisi wa programu, aliandika mwaka 1972 kwamba moduli, yaani sehemu za programu, zigawanywe kwa kufuata uamuzi ambao kila moja inauficha, hasa ule unaoelekea kubadilika, na si kwa kufuata hatua za kazi zinavyopangana. Chuoni nililijibia hilo mtihani na nikafaulu. Kulielewa nimelielewa kwenye ile safu ya tatu.

Ukimaliza, majina yenye mwenyewe mmoja katika safu hiyo yazungushie duara la rangi moja. Kila rangi ni kifurushi kinachosubiri kuzaliwa.

Panga matabaka

Sisi tuliishia hapa:

```
duka/
  juu/     kaunta   stoo     ujumbe
  kati/    bei      kodi     wateja   madeni
  chini/   fedha    simu     tarehe
  kando/   printa   hifadhi  sms
```

Kanuni ni moja: agizo hushuka, halipandi. Juu inaweza kuagiza kati na chini. Kati inaagiza chini. Chini haimwagizi yeyote wa nyumbani, inaitegemea Python yenyewe basi. Kando ni vile vinavyogusa dunia ya nje: mashine ya risiti, hifadhi ya data, kampuni inayotupitishia ujumbe. Hivyo anaviagiza aliye juu peke yake.

Jina la kifurushi liseme kinajua nini. `msaada`, `vifaa`, `mengineyo` ni majina ya chumba cha uani ambako kila kitu hutupwa, na ukishakuwa na chumba hicho kila mwenye haraka atatupa humo, ukiwemo wewe mwenyewe Ijumaa jioni.

Kujua kama kitu ni cha chini, jiulize kama muuza samaki angeweza kukitumia bila kubadilisha neno. Fedha, ndiyo. Simu, ndiyo. Bei ya kanga kwa doti, hapana.

Tabaka la chini linaonekana dogo lakini ndiko tulikopata hasara nyingi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa anazidisha kila kiasi kwa 100 ili kupata senti, mahali kumi na moja tofauti. Kwa shilingi ya Kenya na ya Tanzania ni sawa, maana orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, inazipa tarakimu mbili baada ya nukta. Shilingi ya Uganda inapewa sifuri, na faranga za Rwanda na Burundi vilevile. Mteja wa kwanza wa Kampala aliyekuwa akidaiwa 85,000 alitumiwa deni la milioni nane na nusu. Alipiga simu akicheka, nashukuru. Sasa kifurushi cha `fedha` kina kitu kimoja kiitwacho `Kiasi`: namba nzima pamoja na sarafu yake. Ukijaribu kujumlisha shilingi ya Kenya na ya Tanzania kinakataa hapohapo. Swali la tarakimu ngapi baada ya nukta linajibiwa mahali pamoja.

`simu` ilikuwa na nakala tatu. Moja ilijua kwamba Kenya siku hizi kuna namba zinazoanza na 01, mbili zilidhani dunia nzima ni 07. Na 0712 ikifuatwa na tarakimu sita ni namba halali Tanzania na halali Kenya, kwa hiyo kifurushi hakibahatishi: anayekiita lazima ataje nchi. Hakibahatishi mtandao pia. Tanzania mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake tangu 2017, hivyo tarakimu za mwanzo hazikuambii yuko wapi leo. Nilikuwa na funksheni ya kutambua mtandao. Niliifuta.

Kati isijue data inakaa wapi

Zamani funksheni ya kutafuta waliochelewa kulipa ilifungua hifadhi ya data yenyewe, ikaiuliza kompyuta leo ni tarehe ngapi, kisha ikahesabu. Kuijaribu ilikuwa mateso: uwe na hifadhi iliyojaa, na kama unataka kuona mambo ya mwisho wa mwezi, subiri mwisho wa mwezi. Sasa ni `waliochelewa(madeni, leo)`. Inapewa orodha, inapewa tarehe, inarudisha majina. Programu ya ujumbe, iliyo juu, ndiyo inayosoma kutoka `hifadhi` na kuikabidhi. Jaribio lake lina madeni matatu ya kubuni na tarehe niliyoichagua mimi, na linaisha kabla sijashusha kikombe.

Kifurushi cha `kodi` nilikipa nyumba yake, sikukiweka ndani ya `bei`, ingawa bei ndiyo inayokiita kila saa. Anayebadilisha bei ni tajiri, anayebadilisha VAT ni serikali. Kiwango cha kawaida Tanzania bara ni asilimia 18. Kenya ni 16, lakini ilishushwa hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020 na kurudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Ukiandika 16 kama namba kavu, risiti za miezi ile tisa zote zitakokotolewa vibaya ukizirudia. Kwa hiyo `kodi` inaulizwa kwa nchi na tarehe. Bei inaagiza kodi, na kodi haimjui bei kabisa. Wakiwa tabaka moja hawakatazwi kuagizana, mradi njia iwe ya upande mmoja.

Njia ya pande mbili tulikutana nayo kwa `wateja` na `madeni`. Wateja iliagiza madeni ili ijue fulani akopeshwe au la; madeni iliagiza wateja ili ipate namba ya simu. Python inaanza kusoma moja, katikati inakimbilia nyingine, nayo inarudi kuomba jina ambalo bado halijafikiwa, kila kitu kinasimama. Lugha ya Go hukataa mzunguko wa namna hii kabla programu haijajengwa, na natamani Python ingekuwa kali hivyo. Kijana akaniambia, "Dada, nimepata dawa," kumbe amelihamishia agizo ndani ya funksheni. Makelele yaliisha, ugonjwa ukabaki. Mzunguko una tiba mbili: ama hivyo viwili ni kimoja, viunganishe, ama kuna cha tatu kimejificha ndani yao. Kwetu kilikuwepo. Tulikiita `uaminifu`: kinawaagiza wateja na madeni wote, na wao hawakijui. Kiongeze mwenyewe kwenye mchoro hapo juu.

Vinavyofanana si lazima viwe kimoja

Hapa nitabishana na wengi. Tulikuwa na `fupisha`, ya kukata maneno marefu. Kaunta iliitumia kwa risiti, ujumbe ikaitumia kwa SMS. Ilianza na vigezo viwili, nilipoifumua ilikuwa na saba, nusu yake ndiyo au hapana.

Karatasi ya milimita 58 kwenye printa yetu hubeba herufi 32 kwa mstari. SMS moja hubeba 160, ila ikiingia alama isiyo kwenye orodha ya herufi za kawaida za simu, kikomo kinashuka hadi 70. Na sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu hapo: ng' yenye kistari kilichonyooka haina tatizo, lakini kompyuta ikikipinda kile kistari kikawa kama koma iliyopaa, ujumbe wote unaingia kwenye hesabu ya 70. Neno "ng'ambo" moja kwenye ujumbe uliojaa 160, na unalipia SMS tatu. Haya yanahusu nini karatasi ya risiti? Nikaivunja: moja ikaenda `printa`, nyingine `sms`. Zina mistari mitano inayofanana na sina haya nayo. Kunakili mara mbili navumilia. Ya tatu ndipo nafungua daftari, na nikiona safu ya tatu ina watu tofauti, naendelea kuvumilia.

Mlango na mlinzi

Kila kifurushi kina `__init__.py`, huo ndio mlango. Taja pale majina machache tu ambayo wengine wanaruhusiwa kuyaita. `simu` inatoa mawili. Mengine yote yanaanza na mstari wa chini, kama `_ondoa_nafasi`, kumwambia mgeni aishie sebuleni.

Angalia usije ukaharibu kazi yote mlangoni. Wiki moja baada ya kugawanya, seva ya ujumbe iligoma tena kwa kosa lilelile la printa. Kijana alikuwa amejaza maagizo ya kila kitu kwenye `duka/__init__.py` ili aandike maneno mafupi. Ukiagiza `duka.chini.simu`, Python inasoma kwanza mlango wa `duka`, kisha wa `chini`, ndipo ifike kwa simu. Milango hiyo ya juu iache mitupu. Na kwenye `pyproject.toml`, faili linaloorodhesha mahitaji ya mradi, maktaba ya printa iandike kama ya hiari, asiyeihitaji asilazimishwe kuisakinisha.

Mlinzi wetu wa kwanza alikuwa mstari mmoja wa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili:

```
grep -rnE "duka\.(juu|kati|kando)" duka/chini
```

Mstari huo usipotoa jibu lolote, tabaka la chini ni safi. Grep hiyo huona majina kamili tu, kwa hiyo tumekatazana maagizo ya mkato yanayoanza na nukta. Kuna chombo kiitwacho import-linter kinachofanya kazi hiyo kwa adabu zaidi: unakiandikia matabaka yako, kinakataa agizo linalopanda. Tunakiendesha pamoja na majaribio.

Kuhama

Hamisha kifurushi kimoja kimoja, ukianzia chini. Mimi nilianza na `simu` kwa sababu ndiyo iliyoniamsha. Ndani ya `msaada` niliacha jina la zamani likielekeza kwenye jipya, programu tatu zikaendelea kufanya kazi, kisha nikabadilisha maagizo programu baada ya programu. Grep ilipokosa jina la zamani popote, nikalifuta. Fedha ilichukua wiki mbili, tarehe jioni moja.

Usikimbilie kukipa kila kifurushi hazina yake ya Git (chombo cha kutunza historia ya msimbo) na namba za toleo. Sisi ni watu wawili na programu tatu: hazina moja, na `pip install -e .` ya kuisakinisha kwenye mashine zetu, inatosha. Siku watu wa nje wakianza kuitumia `fedha` ndipo itapata namba yake ya sehemu tatu, na nitaanza kuogopa kuivunja.

`korja_kwa_vipande` haikuhama. Korja ni ishirini, hilo halina ubishi. Ishirini ya nini, vipande au doti, tulibishana na karani nusu saa na tajiri akaongeza jibu la tatu. Kaunta haiuzi kwa korja hata hivyo. Imebaki ndani ya `stoo`, na anayeitumia ni karani peke yake.