Mwembe haupogolewi Kipupwe, na makosa mengine ya wanaoanza

Masika yakishakatika na upepo wa kusi ukashika, hapa Pemba watu hunoa mapanga wakasafisha viambo. Wakati huo ndio miembe inapoumizwa zaidi. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za vijiti vilivyokomaa, na hapa kwetu maua huanza kuchomoza Kipupwe hichohicho. Anayezikata ncha Juni au Julai huwa ameyakata maembe ya mwisho wa mwaka. Mti utachipua, utajaa majani mekundu ya kupendeza, lakini vijiti hivyo havijakomaa vya kutosha kuzaa msimu ule. Pogoa mara tu baada ya kuvuna, Januari au Februari. Kidonda kitakaushwa na jua la kiangazi kabla ya mvua, na machipukizi yatapata miezi ya kukomaa.

Jengine ni namna ya kukata. Panga ni la kufyekea. Kwenye tawi bichi hupasua, likaacha nyufa ambamo maji hutuama. Tafuta msumeno, hata wa kuazima. Kisha litazame tawi pale linapotokea shinani: utaona uvimbe mithili ya pete, gome limekunjana. Hapo ndipo linapoota gome jipya la kufunika kidonda. Ukiacha kigutu cha shibiri nzima kitakufa, kitaoza, na mchwa watapita humo mpaka ndani ya mti. Ukikata kwa kubana shina, pete yenyewe umeiondoa na kidonda hakifungi vizuri. Kata nje kidogo tu ya uvimbe.

Tawi zito hukatwa kwa awamu. Anza kwa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, mpaka robo ya unene wake. Halafu kata kwa juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila ya kulichuna gome la shina. Mwisho ondoa kigutu. Usipake oili chafu wala tope. Pawache pakauke penyewe.

Michungwa na michenza haitaki kupogolewa sana: matawi makavu, yanayosuguana, na yale yanayogusa ardhi, yatoshe. Hatari yake kubwa iko chini. Miche mingi ya kununua imebebeshwa, yaani kijiti chake kimeungwa juu ya shina la jamii ya mlimau, na shina hilo halichoki kuchipua. Jirani mmoja aliniita nikaone mchenza wake wa miaka mitatu, amefurahi kwamba umeanza kunawiri. Nilipoinama niliona vijiti viwili vinene, miba mirefu, vimetoka chini ya kovu la kubebeshea. Mchenza wenyewe ulibaki kijiti kikavu pembeni. Miaka yote ile maji na samadi vilikuwa vikimlea mlimau. Iliniuma, kwa sababu dawa yake ni kupita kila wiki mbili tatu na kuyabandua machipukizi ya chini kwa kidole yangali laini kama mchicha. Yakikomaa ukayakata juujuu, hurudi mengi zaidi.

Wala usiuvue mti nguo zote kwa siku moja. Usizidi robo ya majani yake kwa mwaka. Mti mkubwa ulioachwa muda mrefu ushushe kwa miaka miwili au mitatu. Gome lililozoea kivuli likipigwa na jua la Januari ghafla huungua na kupasuka. Pahala palipobaki wazi papake chokaa iliyozimuliwa kwa maji.

Nawaomba pia muwahurumie chungu maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini. Anayeanza huona viota vyao vya majani yaliyoshonwa, huumwa mara mbili, akavikata vyote na kuvichoma moto. Chungu hao humwinda mdudu anayefyonza nazi changa zikaanguka, na mdudu huyohuyo hushambulia maembe na maparachichi. Mwanasayansi M. J. Way aliwachunguza katika minazi ya Zanzibar miaka ya 1950. Fanya kazi asubuhi mapema, jipake jivu mikononi, na kiota kisichokuzuia kiache. Ukikata tawi walilokuwa wakipitia kwenda mti wa pili, funga kamba ya usumba kutoka mti hadi mti, nao wataendelea na safari zao.