Kufungua skrubu zilizogoma kwenye kava ya injini ya pikipiki

Pikipiki za boda zinazooshwa kila jioni, kama nyingi za Kisumu, hupata sana shida hii: skrubu ya chuma ndani ya alumini, maji yakiingia, nyuzi hugandana.

Kabla ya kutumia nguvu, tazama kichwa. Pikipiki za Kijapani mara nyingi hutumia nyota ya JIS, yaani ya kipimo cha Kijapani. Inafanana na ya Phillips, nyota ya kawaida, lakini bisibisi ya Phillips haikai hadi chini, kwa hiyo inapanda na kulamba pembe, yaani kuzisaga mpaka bisibisi haishiki tena. Ikiwa katikati ya kichwa kuna kipini kidogo, nunua biti (ncha ya bisibisi) yenye tundu. Usikivunje kwa patasi.

Safisha mfereji kwa msumari, weka mafuta ya kulegeza kutu, subiri hata usiku mzima. Kisha tumia bisibisi ya kugongwa, ile inayozunguka kidogo ukiipiga nyundo. Iweke upande wa kufungua, uisimamishe wima kabisa, upige kwa nguvu. Pigo dogo hulamba kichwa zaidi ya pigo kubwa. Ikikataa, pasha alumini joto, maana hutanuka kuliko chuma. Mafuta yafutwe kwanza, na petroli iwe mbali.

Kichwa kimekwisha? Kwa skrubu ya M6, yaani yenye unene wa mm 6, toboa kichwa kwa biti ya drili ya mm 6 mpaka king'oke. Kava itatoka, na kisiki kilichobaki, kikiwa hakibanwi tena, hushikwa kwa koleo na kuzungushwa taratibu. Ekstrakta, kifaa kinachoingizwa ndani ya skrubu iliyotobolewa ili kuizungusha nje, iache iwe ya mwisho: ikikatikia ndani, drili ya kawaida haiitoboi.