Jinsi ya kupanga matembezi ya kufuata mfongo Marangu, kuanzia kihambani mpaka kwenye banio

Wengi wakifika Marangu wanaona maporomoko, wanapiga picha, wanarudi Moshi, wakati pembeni ya njia waliyopita kuna mfereji uliochimbwa na mababu wa Kichagga kabla hata Mjerumani hajafika, na bado unatumika kuleta maji ya kumwagilia kutoka kwenye banio, pale yanapochepushwa mtoni, mpaka kihambani, yaani shamba la nyumbani. Ndo mfongo huo. Mi naona una utamu kuliko maporomoko.

1. Msimu. Nenda Juni mpaka Oktoba, au Januari na Februari. Masika achana nayo, udongo unateleza vibaya afu mvua ikinyesha nani anamwagilia?

2. Ruhusa. Daladala ya Moshi inakushusha Marangu Mtoni, ila usianze kutembea kabla hujamwona mwenyekiti wa kitongoji, maana mfongo unakatiza vihamba vya watu, kwenye migomba na kahawa, saa nyingine nyuma ya jiko la mtu kabisa. Akuunganishe na mzee anayejua zamu za maji. Toa shikamoo, bei ya kukuongoza mkubaliane hapo hapo.

3. Anzia chini, kisha panda juu. Ukifuata mto utakutana na korongo na magoti yatakoma, lakini mfongo umechimbwa ukizunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, maji yasije yakala kingo, kwa hiyo na wewe unapanda taratibu bila kuhema. Kuna sehemu utaapa maji yanapanda mlima, dondosha jani uone linakoelekea. Hakuna pampu hapo, wala waliochimba hawakuwa na vipimo vya kisasa.

4. Cha kuangalia njiani. Matoleo ya maji ya kuingilia kihambani: yanazibwa kwa bonge la udongo na vipande vya mgomba, zamu ya mtu ikifika anazibua. Usiguse, utaleta ugomvi wa majirani. Muulize mzee nduwa iko wapi, ni bwawa la kukusanya maji usiku yatumike mchana. Kwenye vibonde zamani walivusha maji kwa magogo yaliyochongwa katikati, siku hizi ni mabomba zaidi.

5. Banio. Ni mawe, magogo na udongo vikichepusha maji ya mto, mengine yamewekwa saruji. Mfongo ukiingia msituni simama, hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA), bila kibali geuza.

Usikanyage kingo, zinabomoka. Na ukikuta msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa kusafisha mfongo omba jembe kwanza, picha baadaye.